Kitabu cha Vipande Saba

Shangazi yangu, dada wa baba, alikikata kitabu cha shule kwa kiwembe cha mumewe, mchana kweupe, juu ya meza ya kulia chakula. Alikata, akafuta jasho, akakata tena. Alipomaliza, kitabu kimoja kinene cha fasihi ya Kiingereza, kuanzia mashairi ya kale kabisa hadi maandishi ya juzi na jana, kilikuwa kimegeuka vipande saba. Akavitazama kama mtu aliyechinja ng'ombe wa jirani.

"Una ruhusa lakini?" aliuliza mumewe. Yeye ni fundi cherehani, na hakati kitambaa cha mtu kabla hajakipima mara mbili.

"Ninayo. Mkuu wa shule kaniambia mwenyewe."

"Kwa maandishi?"

"Kwa mdomo."

"Haya, Mwalimu. Mdomo hauna mhuri, lakini wewe ndiye msomi."

Maneno hayo yalimkaa shangazi kooni kama mwiba wa samaki, hayakushuka wala hayakutoka.

Wasiwasi kwake si mgeni. Bibi yangu, aliyemzaa, husema kwamba binti huyu alizaliwa akiuliza kama mkunga amenawa mikono. Akitoka nyumbani hurudi kuutazama mlango. Akifika shuleni hulikumbuka jiko. Jambo baya likichelewa kumfikia, yeye hulifuata kwa mawazo hadi liliko.

Hata hivyo, mtu huyu mwoga alichagua somo ambalo hakuna ndugu aliyelielewa. Baba yake alikuwa dereva wa mitambo ya barabara, hayupo nyumbani miezi mingi. Mama yake alipika katika jiko la hospitali, na binti alimsubiri kwenye benchi la wagonjwa, mahali palipokuwa na sanduku la vitabu vya Kiingereza vilivyoachwa na wapita njia. Vingi havikuwa na mwisho, kwa kuwa wagonjwa walichana kurasa za nyuma kwa shughuli zao. Akasoma hivyo hivyo. Alipokwenda chuo kikuu na kusema anasomea fasihi ya Kiingereza, mjomba wake mmoja alimuuliza mbele ya watu, "Sasa hiyo, mwanangu, inatibu ugonjwa gani?" Watu wakacheka, naye akacheka nao, kisha akarudi chuoni kumalizia.

Baada ya chuo alifundisha shule nyingi kama mwalimu wa muda. Mwalimu wa muda ni kama mgeni aliyekaribishwa chai: anakaa ukingoni mwa kiti. Kila mara alipoanza kuyazoea majina ya wanafunzi, alikuja mwenye ajira kamili naye akaambiwa asante. Shule ile ya mwisho ndiyo iliyomwambia kwamba mkuu akiandika taarifa nzuri juu yake, atathibitishwa. Umri ulikuwa umesogea. Alijua kwamba asipothibitishwa pale, hatathibitishwa popote.

Kazi yake ilikuwa kuliandaa darasa la mwisho kwa mtihani wa historia ya fasihi ya Kiingereza, na shule ilikuwa na kitabu kimoja tu cha somo hilo. Mwanzoni alifundisha kama wengine: aliandika ubaoni kwamba zama fulani zilianza lini, zikaisha lini, sifa zake ni hizi. Wanafunzi walinakili, wakakariri, na hawakuwahi kusoma hata mstari mmoja wa zama zenyewe. Katika jaribio moja, mwanafunzi mzuri tu aliandika: "Katika Zama za Kati watu hawakuwa na hisia, kwa kuwa hisia zilianza baadaye pamoja na washairi wa milimani." Shangazi alicheka hadi machozi. Kisha chakula kikamshinda. Mtoto hakukosea, alirudisha kile alichopewa.

Wazo la kukata lilitoka ndani ya somo lenyewe. Alikuwa akieleza jinsi riwaya ndefu za Kiingereza, katika zama za viwanda na reli, zilivyouzwa vipande vipande, wasomaji wakisubiri sehemu inayofuata kama watu wanaosubiri habari za mgonjwa. Akanyamaza katikati ya sentensi. Kengele ilipolia, alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa wakati huo, mzee mcheshi aliyebakiza muda mfupi kustaafu, akamweleza: kitabu kimoja kikikatwa, vikundi saba vitasoma kwa pamoja.

Mzee alicheka, akapiga meza. "Kata, Mwalimu! Kata kabisa! Kitabu kisichosomwa ni tofali."

Ndiyo ruhusa aliyoipata.

Basi vipande saba vikavishwa majalada ya karatasi ngumu, na kila kundi likapewa chake na jina lake. Kundi la Kale lilipewa mashairi ya mashujaa yaliyoimbwa kwenye kumbi za watemi, ambayo mishororo yake ilishikamana kwa sauti za mwanzo wa maneno badala ya vina vya mwisho. Kundi la Kati walichukua nyakati ambapo wakubwa walizungumza Kifaransa, makasisi wakaandika Kilatini, na Kiingereza kikabaki lugha ya jikoni hadi kilipopanda ukumbini. Mwamko walipata tamthilia zilizochezwa mchana chini ya paa wazi, wavulana wakivaa magauni kuwa wanawake. Akili walipata waandishi wa magazeti na kejeli, waliobishana kwenye mikahawa ya kahawa. Maua walikuwa washairi waliotembea milimani wakiusikiliza moyo. Moshi walichukua zama za viwanda, na kipande chao kilikuwa kinene kuliko vyote. Wa mwisho waliitwa Vumbi, kwa vita kuu na mashairi yaliyovunjika baada yake, pamoja na waandishi wa nchi zilizotawaliwa walioishika lugha ile na kuigeuza ya kwao. Kipande cha Vumbi kilikuwa chembamba.

Kila kundi liliwafundisha mengine. Zamu ilipopita, vipande vilibadilishwa, lakini majina yalibaki. Msichana mwenye sauti kubwa wa kundi la Moshi, aliyeitwa Kipaza, aliwadharau Maua waziwazi: "Nyie mlikuwa mnanusa vichaka, sisi tulikuwa tunajenga reli." Kiongozi wa Akili alikuwa kijana mtulivu wa kuhukumu kila jambo, wakamwita Jaji. Shangazi naye aliitwa Mwalimu Zama, na alijifanya halijui jina hilo.

Kosa la mkataji lilionekana wiki ya kwanza. Karatasi ina pande mbili, na zama hazikujali jambo hilo. Mahali ambapo Akili walikwisha, nyuma ya ukurasa huo huo Maua walianza. Alipokata, karatasi ile ilibaki kwa Akili, na Maua wakawa hawana mwanzo.

"Mwalimu, wametuibia kichwa," alilalamika msichana wa Maua.

"Hatujaiba," alisema Jaji. "Kichwa chenu kimeota mgongoni kwetu."

Kesi ilichukua kipindi kizima. Mwishowe walikubaliana karatasi zote za mpakani ziwe za makundi mawili, zikae kwa zamu. Kwa kuwa kila mmoja alilazimika kusoma upande wa pili wa karatasi yake, maswali yakaanza. Mbona washairi wa mwisho wa Akili wameshaanza kutembea makaburini na kutokwa na machozi? Nani aliwaambia wa Kale kwamba wao ni wa kale? Shangazi alirudi nyumbani siku ile akazungumza mfululizo hadi mumewe akazima cherehani ili amsikie.

Kisha mzee mcheshi akastaafu, na mkuu mpya akaja.

Mkuu mpya alikuwa mwalimu wa hesabu za biashara kwa miaka mingi. Hakuwa mkali wa kelele. Alizungumza polepole, akitazama kitu badala ya mtu: kitasa kilicholegea, kiti kisicho na mguu. Mtunza stoo alipoulizwa mipira ya michezo ilipokwenda, akasema imechakaa, Mkuu alimwambia tu, "Nionyeshe uchakavu wake." Mtunza stoo hakuwa na cha kuonyesha. Mwezi uliofuata alikuwa amehamishiwa mbali.

Jumatatu moja, kwenye chumba cha walimu, Mkuu alisimama karibu na kabati akasema, "Ijumaa nitakagua vitabu vyote vya shule. Kila mwalimu alete alivyo navyo, nivione kwa macho. Taarifa za wanaosubiri kuthibitishwa nitaziandika baada ya hapo."

Kikombe cha shangazi kiligonga kisahani chake. Mwalimu wa jiografia, jirani yake, akamnong'oneza, "Dada, vipi? Umeona jini?"

"Nimeona Ijumaa," alijibu.

Jioni hiyo hakukaa. Aliosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Mumewe akamwambia, "Nenda kwa yule mzee wako. Aliyesema kata, aje aseme alisema."

Kesho yake, baada ya vipindi, alikwenda. Mzee aliyestaafu aliishi kwenye nyumba ndogo yenye barza ya saruji, na alikuwa akimwagilia maua ya kwenye makopo.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, binti yangu! Karibu, karibu. Shule bado ina paa?"

Wakacheka. Shangazi akaeleza. Kadiri alivyoeleza, ndivyo kopo la maji lilivyozidi kuinama mkononi mwa mzee, likimwagilia saruji.

"Mimi nilisema ukate?"

"Ulisema kata kabisa. Ulipiga meza."

"Jamani." Mzee akaketi. "Nilikuwa natania, mwanangu. Nilidhani nawe unatania. Nani anakata kitabu?"

"Mimi nilikikata."

"Ukakata kweli?"

"Vipande saba."

Mzee akafunika uso, na mabega yakamtikisika. Shangazi alidhani analia. Alikuwa anacheka, na kicheko kilipokwisha, uso uliobaki ulikuwa wa mtu aliyeogopa. "Sikiliza, binti yangu. Karatasi zangu za kustaafu bado ziko kwenye meza ya watu. Jina langu likiingia kwenye kesi ya mali ya shule, zitalala hapo mpaka nife. Nakuomba kama mzazi. Usinitaje."

Aliporudi nyumbani, mumewe alimsoma usoni kabla hajavua viatu.

"Kakana?"

"Hajakana. Kaomba."

"Hiyo ni mbaya zaidi. Anayekana unaweza kumkasirikia."

Fundi akazungusha gurudumu la cherehani kwa kidole. Kisha akasema, "Lete vipande. Kilichokatwa hushonwa. Mimi kazi yangu ni nini?"

Jumatano vipande vyote vilikusanywa. Wanafunzi hawakuelezwa, lakini mwalimu anayesema "si jambo kubwa" mara tatu amekwisha sema. Alhamisi mchana, mume na mke walikaa pamoja kwenye chumba cha kushonea, kati ya suruali zilizosubiri pindo. Shangazi alivua majalada ya karatasi ngumu moja moja, kisha akashika kifutio. Pembezoni kulikuwa na penseli ya mwaka mzima: mishale, ubishi, "huu ni uongo", "Jaji soma hapa". Alifuta huku akiumia, maana kila alichofuta kilikuwa ushahidi kwamba mtu amesoma.

Mumewe alivipanga vipande, akavitoboa kwa shazia, sindano nene ya kushonea magunia, akashona kwa mkono kwa uzi wa suruali za kazi. Alitumia ule uzi mnene usiokatika. Akapaka gundi mgongoni, akarudisha jalada la zamani, akaweka pasi ya mkaa juu yake iwe kitu kizito. Jioni kitabu kilikuwa kitabu. Shangazi akakifungua mwanzo, akaona mashairi ya Kale yako mahali pake, akashusha pumzi iliyokuwa imekaa kifuani tangu Jumatatu.

"Wewe ni fundi," akasema.

"Mwambie Mkuu."

Ijumaa, vitabu vilijaa kwenye meza ndefu ya maktaba. Walimu walipita mmoja mmoja. Mkuu alikishika kitabu cha fasihi, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye mgongo.

"Hiki kimeshonwa."

"Ndiyo, Mkuu."

"Kimeshonwa vizuri. Nani kafanya?"

"Mume wangu."

"Hivi ndivyo mali inavyotunzwa," Mkuu akawaambia walimu wengine, na shangazi alihisi joto likimpanda shingoni. Angeweza kuondoka hapo. Lakini Mkuu alikuwa mtu wa hesabu, na mtu wa hesabu hatazami maneno ya kitabu. Hutazama namba zilizo chini. Akafungua kurasa. Akasimama. Akarudi nyuma, akaenda mbele.

"Ukurasa wa arobaini na mbili," akasema polepole. "Unaofuata ni wa elfu moja na mia moja na tano. Mwalimu, kurasa elfu moja na zaidi zimekwenda wapi?"

Shangazi akainama kutazama, na ndipo alipoelewa. Mafundi cherehani wakipanga vitambaa, kizito huwekwa chini na chepesi juu, ili rundo lisianguke. Mumewe alikuwa amepanga zama za fasihi ya Kiingereza kwa uzito. Kale, waliokuwa wembamba, walikaa juu kwa haki. Baada yao wakafuata Vumbi, wembamba wenzao. Moshi, wanene, walikuwa chini kabisa, mwisho wa kila kitu.

"Zimo zote, Mkuu," alisema, na sauti ilitoka ndogo. "Zimepangwa vibaya tu."

"Kurasa za kitabu hazipangiki vibaya zenyewe."

"Hapana. Kilikatwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Mwalimu wa jiografia alianza kukisoma kitabu cha ramani kichwa chini miguu juu.

"Kwa ruhusa ya nani?"

Mzee na makopo yake ya maua vilisimama mbele ya macho yake. "Hakuna aliyeniandikia ruhusa," akasema. "Nilikata mwenyewe, ili wanafunzi wasome."

Mkuu alikifunga kitabu, akakiweka kando na vingine. "Kitabaki ofisini kwangu kama kilivyo. Kisiguswe hadi niamue. Jumatatu nitakuja darasani kwako na nitakileta. Nataka kuona unavyofundisha."

Siku mbili hizo zilikuwa ndefu nyumbani. Fundi alijilaumu, akasema hata suruali hajawahi kuianza na mguu. Shangazi hakumlaumu. Alitoa sanduku lake la zamani chini ya kitanda, akalifuta vumbi, akalirudisha, akalitoa tena.

"Unasafiri?" mumewe aliuliza.

"Najitayarisha kutosafiri."

Alitengeneza mpango wa somo ambao haukuhitaji kitabu. Angesimama ubaoni, angeandika tarehe na sifa, wanafunzi wangenakili. Lingekuwa somo safi, lisilo na hatari. Mkuu angeona utaratibu. Aliuandika mpango huo kwa mwandiko mzuri kuliko wote aliowahi kuandika, na hakuupenda hata kidogo.

Jumatatu, Mkuu aliingia na kitabu kwapani, akakiweka juu ya meza ya mwalimu, akaenda kuketi nyuma kabisa kwenye kiti kilichokuwa kidogo kwake. Darasa likasimama, likasalimu, likaketi kimya kuliko kawaida. Shangazi akashika chaki. Akaandika ubaoni tarehe ambayo zama za Akili zilikwisha na zama za Maua zikaanza. Chaki ikakatika. Akaokota kipande, akaandika sifa ya kwanza.

Kipaza akanyoosha mkono kabla ya sifa ya pili. "Mwalimu, samahani. Hicho si kitabu chetu?"

"Ndicho."

"Nani kakishona?"

"Kipaza, nakili."

"Ila, Mwalimu, sasa tutakisomaje? Kwa foleni, kama bafu la bweni?"

Wengine wakacheka chini chini, wakamtazama Mkuu, wakaacha. Kijana wa kundi la Kale, aliyekaa mbele, alikuwa amekwisha kulifunua jalada. "Jamani, tazameni. Baada ya sisi ni Vumbi! Watu wametoka kwenye karamu ya mtemi, wakaingia moja kwa moja kwenye handaki la vita."

"Hata hawajamaliza kula," alisema mwingine.

"Na Moshi ndio mwisho," Kipaza akasema. "Mimi sina neno. Lakini Maua wako wapi? Reli imewapita?"

Safari hii darasa zima lilicheka, na kicheko kilipotulia, macho yote yalikuwa kwa shangazi. Walisubiri awaambie wafanye nini. Mtihani ulikuwa karibu. Ubaoni palikuwa na tarehe moja, sifa moja na nusu ya neno. Aliniambia baadaye kwamba alichokiogopa zaidi dakika ile hakikuwa Mkuu. Aliogopa kwamba angegeuka, angeendelea kuandika, na wao wangemtii.

"Nani ana kiwembe cha kuchongea penseli?" aliuliza.

Jaji akakitoa mfukoni, akakileta mezani. Kwa nyuma, kiti kidogo kikalia.

"Mwalimu," alisema Mkuu. Neno hilo moja tu.

"Najua, Mkuu. Ulisema kisiguswe." Alikuwa amekwisha lifungua jalada. "Nikiwasomea mimi, watanisikia mimi. Nataka wawasikie wenyewe."

Akakata uzi. Uzi wa suruali za kazi haukubali haraka. Ilibidi aukate tundu kwa tundu, na wakati wote huo hakuna aliyemzuia. Alipofika mwisho, vipande vilijiachia mezani kimoja kimoja, na viongozi wa makundi wakaja kuvichukua kama watu waliorudishiwa watoto.

Somo lilianza kwa ugomvi wa karatasi ya mpakani, kama kawaida. Jaji alisimama na msichana wa Maua, karatasi katikati yao. Jaji alisoma upande wake, mstari baada ya mstari, akaonyesha mahali ambapo mwandishi anapima maneno kama muuza dhahabu, kisha mahali ambapo kipimo kinamponyoka. Msichana akaigeuza karatasi, akasoma upande wa pili, akasema mshairi huyu anajidai ameanza upya, kumbe nusu ya maneno yake ameyaazima huko nyuma.

"Umekiri!" Jaji akasema.

"Nimekiri nini? Mtoto akifanana na baba yake, kaiba?"

Ndipo sauti ikatoka nyuma. "Mimi nina swali." Darasa likageuka. Mkuu alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini. "Katika biashara, hesabu za mwaka hufungwa siku moja inayojulikana. Hizi zama zenu zinafungwa lini?"

Kipaza akamjibu Mkuu: "Hazifungwi, Mkuu. Zinapokezana. Tarehe ile ya ubaoni ni ya kutusaidia sisi kwenye mtihani. Wao wenyewe hawakuwa nayo."

"Wewe umejuaje?"

"Kwa sababu kundi letu na Vumbi tuna karatasi moja pia. Mtu wa mwisho kwetu ndiye wa kwanza kwao, na hana habari."

Mkuu akaitazama karatasi iliyokuwa mkononi mwa Jaji, kama alivyozoea kutazama vitasa na miguu ya viti. Akaandika kitu. Kengele ikalia, akatoka bila kuaga.

Siku zilizofuata shangazi hakuwa mtu wa kuongea naye. Chumbani kwa walimu, kila mlango ulipofunguliwa aligeuka. Mwalimu wa jiografia alimletea chai, akasema, "Dada, mtu akitaka kukufukuza hakuachi uteseke hivi." Shangazi akajibu kwamba mtunza stoo naye aliambiwa hivyo hivyo. Alifundisha, vipande vikazunguka, na kila jioni alivikusanya mwenyewe akavifungia kabatini, akavuta mlango mara mbili.

Mkuu alimwita Alhamisi ya wiki ya pili. Mezani palikuwa na bahasha mbili.

"Kaa, Mwalimu. Hii ni barua ya onyo. Uliharibu mali ya shule. Nikakuagiza usiiguse, ukaigusa mbele yangu na mbele ya wanafunzi. Inakaa kwenye faili lako."

"Ndiyo, Mkuu."

"Na hii ni nakala ya taarifa yangu. Nimependekeza uthibitishwe, na wamekubali."

Shangazi alitazama bahasha moja, akatazama ya pili. "Zote mbili ni zangu?"

"Kukata ni kosa. Darasa linasoma, hilo si kosa. Mimi sichanganyi hesabu." Akasukuma bahasha zote mbili kuelekea kwake. "Ukitaka kukata tena, niandikie kwanza. Nitakataa, lakini niandikie."

Alishindwa kujua kama huo ni utani, na safari hii hakuthubutu kukisia. Akashukuru, akatoka.

Alifika nyumbani akitembea haraka. Mumewe alikuwa akipima urefu wa mkono wa koti. Alipomwona, akauacha utepe ukining'inia shingoni.

"Nimepewa onyo," shangazi alisema mlangoni. "Kwa maandishi. Lina mhuri. Linakaa kwenye faili, Fundi, na mkuu mwingine akija atalisoma, na atauliza, na mimi nitasemaje?"

Alieleza yote, tangu kiti alichokalia hadi kalamu iliyokuwa mezani kwa Mkuu. Alieleza ambayo yangeweza kutokea mwaka ujao, na mwaka wa pili yake. Fundi alimsikiliza hadi mwisho, akamvutia kiti, akampa maji.

"Pole, Mwalimu," akasema. "Na hiyo bahasha nyingine uliyoikunja mkononi, ni ya nini?"

Akaitazama. Ndipo alipokumbuka kumwambia.